Mstari wa Birika Uliofika Muheza

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Wewe uliyetengeneza hii programu ya baiskeli kwenye simu, popote ulipo, huna adabu. Aliyekulea alikuwa na haraka. Mtu mzima yuko barabarani, anapumua vizuri, anamtaja Mola wake, wewe unamlilia ting! kapuni: Mwanamkasi amekupita. Nani kakuuliza? Nimemwona kwa macho yangu! Baibui lake limenipepea usoni!

Naandika nimenyoosha mguu. Goti limechubuka. Jana nimeanguka mtaroni hapa hapa Usagara, mbele ya wanywa kahawa wote. Sikuanguka kwa uzembe. Nilikuwa nafuata taji. Hii programu ina ngazi ya majina, na wa juu kabisa anavikwa taji. La kutoka msikitini hadi Raskazone lilikuwa langu, halali yangu. Mwanamkasi akalichukua. Mwanamkasi! Tumekua naye mlango kwa mlango. Anaendesha kakaa kama kuku anayelalia mayai. Huyo ndiye avae taji?

Programu aliiweka binti yangu Wafa. Daktari wa kliniki ya sukari aliniambia niendeshe baiskeli kila siku, na akataka kuona kama naendesha kweli au nasema tu. Mie niseme tu! Haya, nikaendesha. Sasa Wafa huyo huyo katoa hukumu. Jumatatu ijayo ni kliniki. Kabla ya siku hiyo niwe nimechagua programu nyingine, ya kuandika safari tu. Isiwe na ngazi, isiwe na taji, isiwe na kushindana na mtu. Nikishindana tena, baiskeli inakwenda Ushongo, huko Pangani, kwa kaka yake Yaqoub.

Ushongo! Mchanga mtupu! Baiskeli itafanya nini kule, itaanikiwa taulo za wazungu?

Baiskeli ile alininunulia marehemu mume wangu Masoud. Akanifundisha mwenyewe, anakimbia nyuma kashika keria, kanzu kaikunja mkononi, watu wanacheka, yeye wala. Bila baiskeli nitakuwa wa kubebwa kwenye bodaboda kama gunia la mkaa. Sokoni kwa ruhusa. Msibani kwa ruhusa. Sitaki.

Nimemwambia Wafa mie kushindana sina haja nako. Mwenye maradhi hayo ni Mwanamkasi.

Jumanne, 5 Agosti

Nimekwenda kwa Edgar, fundi simu, kibanda cha pembeni ya duka la dawa. Kijana wa Kisambaa kutoka Lushoto, mpole, shikamoo yake haikatiki katikati. Nikamwambia nataka programu ya baiskeli isiyo na mashindano. Akanitazama goti, akasema pole bibi. Kumbe habari imefika mpaka kwake.

Akanionyesha ya kwanza. Hii haina ngazi ya majina, inakupa nishani ukiendesha vizuri. Nikamuuliza kama na Mwanamkasi atapewa nishani. Akasema kila mtu na zake, bibi, hamuonani. Nikamuuliza sasa nitajuaje kama zangu ni kubwa? Edgar akafuta kioo kwa kitambaa, kwa muda mrefu, kioo ambacho kilikuwa safi.

Akanipa nyingine. Akasema hii inamwangalia mtu mmoja tu. Inamlinganisha na yeye mwenyewe wa jana. Nikaona hii ndiyo yangu. Mie na mie, ugomvi utoke wapi?

Jioni nimeizungushia Raskazone. Upepo nyuma, barabara nyeupe. Nimeendesha raha mustarehe. Wafa kafurahi, kanipikia mchuzi wa papa.

Jumatano, 6 Agosti

Astaghfirullah! Asubuhi nimeendesha, upepo wa uso, goti linauma, halafu programu inaniambia eti jana nilikuwa bora. Jana! Jana nilikuwa na upepo mgongoni, hilo hailijui? Huyo Shamsiya wa jana, yaani mie mwenyewe, nimeanza kumchukia. Anajiona.

Nimekaa ukumbini na kahawa yangu chungu, nikafikiri. Nimepata njia. Kama leo inapimwa kwa jana, basi kesho naendesha taratibu, taratibu kabisa, kama bibi harusi anayeingizwa ndani. Keshokutwa nakuja na nguvu zangu zote. Shamsiya wa kesho hatakuwa na pa kujificha.

Huko si kushindana na mtu. Ni mimi mwenyewe. Wafa hakusema lolote kuhusu mimi mwenyewe.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimefanya kama nilivyopanga. Taratibu. Nimepitwa na mkokoteni. Nimepitwa na mbuzi! Mwanamkasi kanipita, akafika mbele, akasimama, akageuka. Akaniuliza, shoga, una nini? Nikasema sina kitu, naenda taratibu tu.

Hapo ndipo nilipokosea. Usagara nzima haijawahi kunisikia nikitamka taratibu.

Adhuhuri haijaadhiniwa, mlango unagongwa. Mwanamkasi na mkate wa sinia, umefunikwa kawa, umenona, kingo zimewiva vizuri. Kalia machozi kidogo. Akasema aliniona uso hauna damu. Nyuma yake majirani: tambi za sukari, visheti, kaimati zinachuruzika shira. Bi Shamsiya mgonjwa! Kila mmoja kakaa mkekani, kanikodolea macho aone kama naweza kula. Mgonjwa aliyeletewa chakula akikataa, mleta atawaambia watu chakula chake kimeonekana hakifai. Akikiri kwamba si mgonjwa, ataulizwa basi ile taratibu ilikuwa ya nini. Nikala. Nikala kwa heshima ya kila sahani.

Na sahani hazirudi tupu, hilo hata mtoto wa chekechea wa hapa kwetu analijua. Alasiri yote niko jikoni, mgonjwa mie, nakaanga sambusa na katlesi za kurudishia. Ya Mwanamkasi nimeijaza mpaka kawa haikukaa. Ajue.

Kabla ya magharibi kairudisha sahani. Ina vileja. Ajue nini? Kajua vibaya!

Wafa alikuwa kazini. Ameona vyombo vingi, akauliza. Nikasema ni majirani, wana mapenzi.

Ijumaa, 8 Agosti

Leo nilipaa. Wallahi nilipaa! Shamsiya wa jana nimemwacha huko nyuma hata simwoni. Programu imepiga kelele za furaha, ikamwaga maua kwenye kioo kizima.

Tatizo ni kwamba nimewapita wale wa jana, wanakuja kunijulia hali, wengine na sahani nyingine kichwani. Nimewapita kwa kengele. Wakabaki wamesimama barabarani na uji wao.

Mwanamkasi kapiga kelele kutoka nyuma kwamba mgonjwa gani anayeendesha bila kushika breki. Wafa alikuwa dirishani. Nilipofika akaniuliza ninashindana na nani tena. Nikasema na mie wa jana. Akafunga macho kidogo. Akasema hata huyo, Mama. Hata huyo hapana.

Akaifuta mwenyewe, mbele yangu. Maua yangu yote.

Nikarudi kwa Edgar. Nikamwambia nataka isiyosema kitu, isiyopongeza, isiyokumbuka. Nataka bubu. Akatafuta sana, akaipata. Hii haijui kasi, haijui jana, haijui majirani. Inachora tu mstari wa ulikopita, basi. Edgar kaniambia kwa upole, bibi, hapa hata ukitaka kushindana hutaona pa kuanzia.

Nimempa katlesi zilizobaki. Wafa kaikagua, kaipitisha. Baiskeli imepona. Alhamdulillahi.

Jumamosi, 9 Agosti

Amani tupu. Nimeendesha, nimerudi, nimetazama mstari. Hauna neno. Umepinda pinda kama bua la mchicha lililokanyagwa, lakini nani anajali.

Saa ya kahawa Mwanamkasi kaja kurudisha bakuli. Safari hii lina achari ya ndimu, angalau. Na simu mkononi. Kumbe Edgar yule msaliti kamwekea programu hii hii! Kasema naye kachoka na mataji, anataka utulivu. Halafu, kama hakukusudia, kanigeuzia kioo. Mstari wake umetoka samaki. Samaki kamili. Mkia anao, pezi analo, na pale aliposimama kununua mkaa imetoka nukta ya jicho.

Nikasema mashaallah. Meno yaliniuma kulisema.

Akauliza wangu umetoka nini. Nikasema bado haujaisha.

Jumapili, 10 Agosti

Nataka ieleweke kwamba kuchora si kushindana. Mtoto akichora shuleni, anashindana na nani?

Nimechagua birika la kahawa. Ngamiani ndiko kwenye kuchorea, barabara zimenyooka, zimekatana kama mistari ya daftari la hesabu, tena zina namba, mtu hapotei. Nimepiga tumbo la birika kuanzia barabara ya tisa. Barabara ya kumi na mbili nimekuta turubai la harusi limeziba njia nzima. Kuzunguka, birika litavimba. Nikashuka, nikapita katikati ya turubai nakokota baiskeli, nikawapa mkono wazee, nikasema Mungu ajaalie heri, nikatokea upande wa pili. Wamenipa na pilau kwenye mfuko. Mkono wa birika nimeupata vizuri sana.

Imebaki mdomo. Goti likagoma. Na mdomo ndio birika, bila mdomo utakuwa umechora sufuria. Mwanamkasi akionyeshwa sufuria, si atacheka mpaka Idi?

Hapo ndipo alipopita Eliudi, yule Mbondei muuza machungwa, kamaliza kuuza, tenga tupu, baiskeli nyepesi. Nikamwita. Nikamwambia anichukulie simu, aende nayo na barabara ya Pongwe mpaka utoke mdomo wa kiasi, ageuke, aiache kwa Edgar. Akauliza mdomo wa kiasi gani, bibi. Nikamwambia wewe hujawahi kuona birika? Nikamfungia simu kwenye keria kwa ukaya wangu wa kichwani, nikakaza fundo.

Magharibi sasa. Simu haijafika kwa Edgar. Wafa kauliza iko wapi, nikasema inachaji.

Jumatatu, 11 Agosti. Kliniki

Eliudi kaja asubuhi mapema, kaleta simu, kaleta na machungwa ya kuniombea radhi. Kasema tairi lilipasuka mbele ya Pongwe, akapata lori la kwao, akapakia baiskeli, akalala nyumbani Muheza. Simu bado kwenye keria. Hakuthubutu kufungua fundo la bibi.

Sikuwa na nafasi ya kumgombeza. Wafa alishasimama mlangoni.

Daktari ni binti mdogo, miwani mikubwa, anaitwa Precious. Kachukua simu, kaangalia mstari. Kanitazama mie, katazama simu. Kauliza, bibi, umeendesha mpaka Muheza na kurudi? Wafa kageuza shingo mpaka nikasikia mfupa. Nikasema kidogo kidogo.

Kweli nimesema hivyo. Na nilijisikia vizuri. Bibi wa Usagara kaenda Muheza!

Halafu akanitoboa kidole. Kitone cha damu, mashine ikafikiri, ikatoa namba. Uso wa daktari ukabadilika. Sukari imepanda, tena sana. Akaweka kalamu chini. Akaniambia kwa upole kwamba kama naendesha mwendo wote huo na sukari bado inapanda, basi vidonge vimeshindwa kazi, itabidi tuanze sindano. Kila siku. Akaanza kuandika.

Nikaitazama ile kalamu inakwenda. Nikamtazama Wafa, mkono mdomoni, macho yamejaa maji.

Nikamwambia daktari weka kalamu chini, mwanangu. Nikasema yote. Birika. Mdomo. Eliudi. Lori. Daktari kauliza na sukari je? Nikasema sahani kwa sahani: mkate wa sinia, tambi, visheti, kaimati, vileja, pilau ya harusi. Na kwa nini nililetewa. Na kwa nini niliendesha taratibu. Nilipofika kwa mbuzi daktari akavua miwani, akainamia meza, mabega yanacheza.

Wafa hakucheka. Sindano imefutwa kwanza, nitapimwa tena. Tumerudi nyumbani. Mlangoni ndipo aliposema: kesho gari la Pangani linapita hapa.

Jumanne, 12 Agosti

Wameitoa baiskeli ukumbini. Wameiegemeza ukutani nje, kengele inatazama barabara. Nimeipangusa. Si kwa huzuni. Ilikuwa na vumbi.

Gari likaja. Dereva kashuka na kamba. Nimekaa barazani, mgongo umenyooka, nimejifanya nachambua mchele. Sikuwa na mchele kwenye ungo. Hakuna aliyeona.

Mwanamkasi akatokea na sahani yangu ya katlesi. Akaona kamba. Akauliza inakwenda wapi ile. Wafa akamwambia. Akamwambia na sababu zote, moja moja, na birika, na kliniki, na mkate wa sinia.

Nilimngojea acheke. Nilishaandaa na jibu.

Hakucheka. Kaweka sahani chini, akamgeukia Wafa, akaanza kumfokea kama mtoto wake wa kumzaa. Kamwambia mkate ule niliupika mie na nilijua mama yako ana sukari, niliupika kwa sababu sambusa zake zinanishinda. Kamwambia kama ni makosa gawanya sawa. Kamwambia, haya, ipeleke Ushongo. Halafu mie kila asubuhi nitampita nani? Eh, Wafa? Mbuzi?

Na sauti ikamkatika palepale kwenye mbuzi.

Dereva kakunja kamba yake mwenyewe bila kuambiwa. Wafa katutazama sote wawili. Kisha kacheka, kicheko cha kwanza tangu jana, kacheka mpaka kakaa kizingitini. Kaweka masharti: tuendeshe pamoja, ubavu kwa ubavu. Simu moja tu baina yetu, mstari mmoja, yule bubu wa Edgar. Sahani ziendelee lakini zisionje sukari.

Tumekubali. Nimemwambia Mwanamkasi simu itakaa kwenye kapu langu kwa kuwa lina kifuniko. Kasema lake ni jipya. Nikasema jipya halina uzoefu. Wafa kasema simu itakaa kwa zamu.

Nimeifunua sahani. Ilikuwa na samaki wa kupaka. Mtamu, Mungu amlaani kwa mkono ule.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimejifunza. Naandika hapa iwe ushahidi. Kushindana na mwenzio ni upuuzi, kunavunja goti na kunapandisha sukari. Tumeendesha leo mie na Mwanamkasi, ubavu kwa ubavu, tunazungumza, hakuna wa mbele hakuna wa nyuma. Mstari mmoja. Umetoka kama kamba ya kuanikia nguo, nasi tumeridhika. Tangu mwaka uanze sijapata utulivu kama huu.

Tulipopita kwa Edgar kununua bando, katuambia kwa furaha kwamba programu yetu imependwa. Wanawake wa Chumbageni nao wameiweka. Wanaendesha kundi zima. Katuonyesha mstari wao wa jana.

Tausi. Na manyoya ya mkia, unyoya mmoja mmoja, mpaka barabara ya bandarini.

Mwanamkasi kanitazama. Nimemtazama. Edgar kaanza kufuta kioo.

Wafa alisema tusishindane mie na Mwanamkasi. Kuhusu Chumbageni hakutamka kitu, nami sikuzaliwa kumwongezea mtu maneno.

Kwa hiyo, Mwanamkasi, nakupelekea ukurasa huu chini ya katlesi, uusome uuchane. Kesho ukitoa salamu ya alfajiri usikae na tasbihi. Tia upepo matairi yote mawili, paka cheni mafuta, mpitie Eliudi umwambie tunamhitaji yeye na lile lori. Tunachora tembo. Mkonga utaanzia kwangu, miguu ya nyuma ni yako, na Wafa akikuuliza, mwambie tunaenda taratibu.